Usiniambie ilikufa kwa uzee: kisa cha RSX-11M

Najua nimekuwa kimya. Kazi zilinibana, kisha stima ikaungana nazo. Lakini leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hivyo kaeni vizuri.

Juzi nilihudhuria kikao cha wasanidi programu hapa Nairobi. Kijana mmoja mwenye fulana nzuri alisimama akatuambia kwamba mfumo wowote ambao haujasasishwa kwa miaka miwili ni maiti, na anayeutumia ni mlinzi wa makaburi. Watu wakapiga makofi. Kwa aibu yangu, nami nilipiga makofi mawili hivi. Nilipokuwa kwenye matatu nikirudi nyumbani, tukiwa tumekwama pale pale tunapokwama kila siku, ndipo nikaanza kujiuliza: maiti kwa kipimo cha nani? Kwa kipimo cha anayeuza mpya, au kwa kipimo cha mtambo ambao bado unageuka?

Naomba nimjibu kijana huyo hapa, kwa sababu pale ukumbini sikupata ulimi. Nitamjibu kwa kisa cha mfumo endeshi mmoja ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia. Jina lake ni RSX-11M.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo hata walimu wetu wa chuo hulifanya. Mtu akisikia "mfumo wa wakati halisi" anadhani ni mfumo wenye kasi. Hapana! Kasi ni kitu kingine kabisa. Pikipiki ya bodaboda ina kasi, lakini huwezi kuapa itafika saa ngapi. Treni inayotambaa lakini inaingia stesheni saa mbili na dakika kumi kila siku ya Mungu, hiyo ndiyo ya wakati halisi. Kwenye kiwanda, tuseme presha ya boila imepanda na kihisi kimepiga kelele. Swali si kama kompyuta itajibu haraka kwa wastani. Swali ni kama itajibu kabla ya muda fulani, kila mara, hata kama wakati huo huo inaandika ripoti, inasoma diski na inachapisha karatasi. Jibu sahihi lililochelewa ni jibu baya. Seva yako ya wavuti ikichelewa sekunde mbili, mteja anakasirika. Mtambo ukichelewa sekunde mbili, mtu anazikwa.

Sasa turudi nyuma. Kampuni ya Digital Equipment Corporation, ambayo wote waliiita DEC, ilianzishwa mwaka 1957 ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufi katika mji wa Maynard, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1970 ilitoa kompyuta ya PDP-11. Ilikuwa ya biti 16 na ya bei ambayo idara moja ya kiwanda ingeweza kumudu bila kumwomba mkurugenzi mkuu. Hilo ndilo lililobadilisha mambo. Kabla ya hapo kompyuta ilikaa kwenye chumba chake chenye baridi, na watu walipeleka kazi zao kama wanavyopeleka maombi kwa chifu. PDP-11 iliingia kiwandani, kando ya mashine zenyewe, ikapokea vumbi kama wafanyakazi wengine.

Mashine kama hiyo ilihitaji mfumo endeshi wa kudhibiti mitambo. DEC ilikuwa na RSX-15 kwa mashine yake nyingine, PDP-15, na kutoka hapo ukoo wa RSX ukahamia PDP-11. Kulikuwa na RSX-11D, lakini hiyo ilikuwa nzito. Ndipo kazi ya kuandika ndugu yake mwepesi ikamwangukia Dave Cutler, aliyejiunga na DEC mwaka 1971 akitoka kampuni ya kemikali ya DuPont. Angalieni hapo: mtu huyu alitoka kwenye kampuni yenye viwanda, kwa wateja wa kompyuta, si kwa wauzaji. Nadhani hilo linaeleza mengi.

Masharti aliyojiwekea yalikuwa ya kikatili. RSX-11M ilitakiwa kufanya kazi kwenye mashine yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu. Si megabaiti. Kilobaiti. Picha ndogo unayoweka kwenye wasifu wako inazidi hapo. Na ndani ya kilobaiti hizo 32 hakukuwa na kiini cha mfumo peke yake: programu ya mteja nayo ilihitaji nafasi. Inasemekana Cutler alikuwa na muhuri wa mpira aliotumia kugonga kwenye nyaraka, ukikumbusha kila mtu kwamba ukubwa ndio lengo, yaani udogo. Ningependa tuwe na muhuri kama huo leo. Ningewagonga watu fulani kwenye paji la uso.

Na walifaulu. RSX-11M ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na hebu tuangalie ilichokuwa nacho tumboni, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo.

Kila programu inayokimbia iliitwa kazi, na kila kazi ilikuwa na namba ya kipaumbele kati ya 1 na 250. Kazi yenye namba kubwa ikiwa tayari, inachukua prosesa papo hapo, hata kama nyingine iko katikati ya hesabu. Hakuna kusubiri zamu. Kila tukio la maana likitokea, mathalani diski imemaliza kusoma au saa imelia, mfumo unapitia upya orodha ya kazi na kumpa prosesa aliye juu kuliko wote kati ya walio tayari. Ni kama foleni ya hospitali inayoendeshwa vizuri: mwenye mafua akiwa ameshaketi mbele ya daktari na akaletwa aliyegongwa na gari, mwenye mafua anainuka.

Je, kama kumbukumbu imejaa na kazi kubwa zaidi inataka kuingia? RSX ilichukua kazi ya kipaumbele cha chini, ikaihifadhi yote kwenye diski kama ilivyo, ikampisha mkubwa, kisha ikamrudisha mdogo aendelee pale pale alipokatizwa. Kazi ambazo hazikutakiwa kuondolewa kamwe ziliwekewa alama hiyo, na zikakaa.

Halafu kuna namna ya kuingiza na kutoa data. Programu ilitoa agizo lililoitwa QIO: inaomba kitu kisomwe, kisha inaendelea na shughuli zake. Ikimalizika, mfumo unainua bendera ya tukio, au unaikatiza programu kwa adabu na kuipeleka kwenye kipande cha msimbo kilichoandaliwa kushughulikia habari hiyo. Vijana wa leo wakiandika programu zisizosubiri wanadhani wamevumbua gurudumu. Jamani, hii ilikuwa kwenye kilobaiti 32, enzi za suruali pana.

Kulikuwa pia na RSX-11S, toleo lisilohitaji diski kabisa. Ulilijenga kwenye mashine kubwa, ukalipakia kwenye kompyuta ndogo iliyokaa kando ya mtambo, mahali ambapo joto na mtikisiko vingeua diski kwa mwezi mmoja. Na baadaye ikaja RSX-11M-PLUS kwa ajili ya mashine kubwa zaidi.

Sikusifu kila kitu. Anwani za biti 16 zilimaanisha kwamba kazi moja haikuweza kuona zaidi ya kilobaiti 64 kwa wakati mmoja. Programu kubwa ililazimika kukatwa vipande vilivyopokezana nafasi, na mwandishi ndiye aliyeeleza kwa mkono, kwenye faili maalumu, nani anampisha nani. Programu ya kuunganisha vipande hivyo ilikuwa polepole kiasi kwamba ulianzisha kazi, ukaenda kunywa chai, ukarudi, ukaenda tena. Hilo ni kweli na sitalificha.

Lakini sikilizeni hili, maana ndilo msingi wa hoja yangu yote.

Ulipoinunua RSX-11M, hukuisakinisha kama tunavyosakinisha leo, bonyeza hapa, kubali pale. Uliijenga. Kulikuwa na hatua iliyoitwa SYSGEN. Uliulizwa maswali kuhusu mashine yako, una diski gani, una vifaa gani, unataka uwezo upi, kisha kiini cha mfumo kikajengwa kutoka kwenye chanzo chake cha asembli, hapo hapo kwako, na kikafanana na mashine yako tu. Kwa maneno mengine, chanzo cha kiini kilikuja na mfumo! Haikuwa programu huria. Leseni ilikuwa ya DEC na pesa ulilipa. Lakini mhandisi wa kiwanda aliweza kufungua na kusoma ni nini hasa kinachotokea kikatizi kikiingia. Aliweza kuandika dereva wa kifaa chake cha ajabu ambacho DEC haikuwahi kukisikia.

Na walisomana. Chama cha watumiaji wa mashine za DEC, DECUS, kilikuwepo tangu mwaka 1961. Wanachama walibadilishana kanda za sumaku zilizojaa programu na marekebisho, bila malipo zaidi ya gharama ya kunakili. Huko ng'ambo ya pili ya ukuta, nchi za kambi ya Mashariki hazikuruhusiwa kununua, kwa hivyo Wasovieti walitengeneza nakala ya PDP-11 iliyoitwa SM-4 na nakala ya RSX-11M iliyoitwa OS RV, vifupisho vya maneno ya Kirusi yenye maana ile ile: mfumo endeshi wa wakati halisi. Wizi? Ndiyo. Lakini hakuna anayeiba maiti.

Hapa naomba niingize kisa kingine, cha huzuni, kwa wale wanaosema mfumo endeshi ni mzigo tu na kwamba bora uandike wako mdogo. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Iliendeshwa na PDP-11/23 yenye kumbukumbu ndogo, na badala ya mfumo endeshi wa kawaida, waliandika chao wenyewe, cha mashine hiyo peke yake. Kazi mbalimbali ndani yake zilishirikiana vigeugeu bila ulinzi. Mhudumu mwenye vidole vyepesi akirekebisha maelezo ya mgonjwa ndani ya sekunde chache, sehemu moja ya programu iliona badiliko na nyingine haikuona. Kati ya mwaka 1985 na 1987 angalau wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia hatari hiyo. Kwenye Therac-25 viliondolewa na programu ikaaminiwa peke yake. Sisemi RSX ingewaokoa. Programu mbaya ni mbaya juu ya mfumo wowote. Nasema kwamba mambo ya kuratibu kazi zinazoshindana yalikuwa yameshafikiriwa, yakajaribiwa na kukosolewa na wahandisi wa viwanda kwa miaka kumi, na mtu mmoja chumbani hawezi kuyafikia kwa kujiamini tu.

Basi, ilikufaje RSX?

Kijana wa fulana nzuri atasema ilizeeka. Nitampa haki yake: kilobaiti 64 zilibana, na DEC yenyewe ililijua hilo mapema. Mwaka 1977 ilitangaza VAX, mashine ya biti 32, na mfumo wake VMS uliandikwa na kundi ambalo Cutler huyo huyo alikuwa miongoni mwa vinara wake. VMS ilirithi mengi kutoka RSX, hata jina la agizo la QIO, na VAX za mwanzo ziliweza kuendesha programu za RSX moja kwa moja. Mwaka 1988 DEC ilifuta mradi mwingine mkubwa wa Cutler. Akaondoka na wenzake kadhaa hadi Microsoft, na Julai 1993 ikatoka Windows NT. Kwa hivyo ukitazama tabia ya Windows unayotumia leo katika kuingiza na kutoa data, unaona uso wa babu. Mkijua hivyo, mtacheka mkisikia mtu anaita RSX takataka huku akiandika kwenye Windows.

Lakini kuandika kizazi kipya si sababu ya kuzika cha zamani kikiwa hai. Na RSX ilikuwa hai. Mitambo iliyojengwa miaka ya 1970 na 1980 haikununuliwa kwa miaka mitatu kama simu. Kinu cha chuma, kiwanda cha karatasi, kituo cha umeme, hivyo hununuliwa kwa miaka 30 au 40. DEC ilijua hivyo ilipouza.

Mwaka 1994, DEC ikiwa taabani kifedha, iliuza mifumo yake ya PDP-11, RSX ikiwemo, kwa kampuni ya Kiayalandi iitwayo Mentec. Mentec ilijitahidi, ilitoa marekebisho kwa miaka kadhaa. Mwaka 1998 DEC yenyewe ilimezwa na Compaq kwa dola bilioni 9.6, na mwaka 2002 Compaq ikamezwa na HP. Mentec nayo ikaja kufifia, na haki za RSX zikaenda kwa kampuni nyingine ambayo jina lake ni herufi na namba tu, kama namba ya gari. Hebu fikiria. Mfumo ulioendesha viwanda vya dunia, na sasa ukitaka ruhusa ya kuurekebisha unatafuta mlango wa kampuni ambayo mitaani hakuna anayeijua.

Huko ndiko kufa kwake. Ilikufa kwa kuuzwa, ikauzwa tena, mpaka hakukubaki mtu mwenye faida ya kuitunza wala mtu mwenye ruhusa ya kuitunza bure. Wapenzi wake walipewa leseni ya kuchezea matoleo ya zamani kwenye programu za kuiga mashine, na wanashukuru. Mmoja wao amediriki hata kuandikia RSX-11M-PLUS itifaki za TCP/IP, kwa hivyo kuna PDP-11 za kuigizwa zinazozungumza na intaneti. Lakini leseni ya kuchezea si leseni ya kuendesha kiwanda.

Je, viwanda vilifanya nini? Vilivyoweza vilihama. Vingine vilinunua programu za kuiga PDP-11, kama Charon ya Stromasys, vikaweka RSX ile ile juu ya seva za kisasa, bila kugusa msimbo. Na vingine havikuhama kabisa. Mwaka 2013 kampuni ya GE Canada ilitangaza kwamba inatafuta mtu anayejua asembli ya PDP-11 kwa ajili ya mifumo ya sekta ya nyuklia, na ikaeleza kwamba mashine hizo zitaendelea kutumika hadi mwaka 2050. Elfu mbili na hamsini! PDP-11 itakuwa na miaka 80. Wengi walicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza: programu gani niliyoandika mimi itafika hata 2030?

Msidhani ni RSX peke yake. Kulikuwa na pSOS, mfumo wa wakati halisi uliokaa ndani ya vifaa vingi vya mawasiliano na televisheni. Mwenye nao, Integrated Systems, aliunganishwa na mpinzani wake Wind River mwaka 2000. Wind River ilikuwa na mfumo wake, VxWorks. Mnadhani nini kilifuata? pSOS ikawekwa kando na wateja wakaelekezwa VxWorks. Hakuna hitilafu iliyogunduliwa kwenye pSOS siku ile. Kilichobadilika ni jina kwenye hati ya umiliki. Wind River nayo imenunuliwa na Intel mwaka 2009, ikauzwa mwaka 2018, ikauzwa tena kwa Aptiv mwaka 2022. Mteja wa kiwandani anatakiwa afuatilie haya yote kama tamthilia.

Sasa mtaniuliza, sisi Wakenya yanatuhusu nini? Hatukuandika RSX.

Nitawaambia. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kiwanda kimoja hapa Industrial Area, sitakitaja. Mashine ya kufungasha ilikuwa imesimama. Mota nzima, mikanda mizima, vihisi vizima. Kilichokufa ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kidhibiti, yenye mfumo endeshi na programu. Mzee mmoja fundi, mtu aliyeijua mashine ile kwa sauti tu, aliniuliza, "Kijana, si mnakili nyingine tu?" Niliishiwa maneno. Nilikuwa na kadi mpya mkononi ya shilingi mia chache. Sikuwa na cha kuweka ndani yake. Muuzaji aliandika barua pepe ya adabu sana: mfumo huo umesitishwa, hawana tena nakala ya kutoa, wanapendekeza kidhibiti kipya pamoja na paneli mpya, na kwa kuwa paneli mpya haizungumzi na mota za zamani, basi na mota pia. Bei yake ilikuwa zaidi ya bei ya mashine yenyewe iliponunuliwa. Watu kumi na wawili wa mstari ule waliambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa.

Mzee aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Kwake mimi ndiye mtaalamu wa tarakilishi. Na mtaalamu alikuwa ameshindwa na kadi ya ukubwa wa ukucha.

Linganisheni na mhandisi wa mwaka 1978 mwenye RSX-11M. Diski ikifa, ana kanda. Kanda ikifa, jirani yake wa DECUS ana kanda. DEC ikimtupa, ana chanzo cha kiini na kabati la vitabu vinavyoeleza kila agizo. Alikuwa na kilobaiti 32 na alikuwa bwana wa mtambo wake. Sisi tuna gigabaiti na ni wapangaji. Halafu tunaambiwa haya ni maendeleo, na anayelalamika ni mlinzi wa makaburi!

Najua majibu yenu, maana nimeshayasikia.

Wa kwanza atasema usalama: chanzo kikiwa wazi, maadui watakisoma. Ndugu yangu, Stuxnet iligunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za kusafisha urani huko Natanz, Iran. Iliingia kupitia Windows na vidhibiti vya Siemens, vyote viwili vimefungwa chanzo. Adui mwenye pesa hasubiri ruhusa ya kusoma. Anayezuiliwa na kufuli ni yule mzee fundi.

Wa pili atasema, tumia Linux. Huyu ana hoja, na nampenda. Viraka vya kuifanya Linux iwe ya wakati halisi vilianza kuandikwa miaka ya 2000, na kazi ilichukua takriban miaka 20 hadi vikaingia rasmi kwenye kiini, toleo la 6.12 la Novemba 2024. Ni habari njema sana na ingestahili sherehe kubwa kuliko ile ya simu mpya. Lakini muuzaji anaweza kuchukua Linux, akaifungia ndani ya kidhibiti chake, akakunyima zana za kuijengea upya na ufunguo wa kuipakia. Utakuwa na chanzo kwenye tovuti na kadi iliyokufa mkononi. Uhuru wa karatasi.

Wa tatu atasema wauzaji hawatakubali. Wengi hawajawahi kuulizwa. Nimeona zabuni za vifaa vya viwandani za kurasa tisini, zinazotaja hadi rangi ya kabati, na hakuna hata mstari mmoja unaouliza: siku mtakaposimamisha mfumo huu, mimi nitabaki na nini? Maafisa wa ununuzi wanadai cheti cha kodi cha mwaka huu na hawadai nakala ya programu itakayoendesha mtambo kwa miaka 30.

Kwa hivyo kabla hamjanunua, dai vitu vichache. Nakala kamili ya kila kinachopakiwa kwenye kidhibiti, mkononi mwako siku ya kwanza, pamoja na zana za kukipakia. Chanzo kiwekwe kwa mtu wa tatu, mwanasheria au benki, kwa mkataba kwamba muuzaji akisitisha au akifilisika au akiuzwa, kinakuja kwako. Ruhusa ya kuendesha mfumo huo kwenye programu ya kuiga mashine, imeandikwa, isiwe ya kuchezea tu. Na vitabu, si kiungo cha tovuti, maana tovuti ndiyo ya kwanza kufa.

Kile kiwanda hatimaye kilinunua mashine mpya, ya muuzaji mwingine. Walinipigia simu nikague mkataba. Nilituma maswali hayo manne. Muuzaji alijibu matatu kwa maneno matamu na la chanzo akaruka kama halipo. Nikalituma tena. Ilichukua wiki sita na barua pepe kumi na moja, na meneja alikuwa anakaribia kunifukuza. Kwenye barua ya kumi na mbili wakakubali. Mzee fundi ana nakala ya kadi ile kwenye kabati lake, ndani ya kopo la chai, na nyingine iko nyumbani kwake.